Uchungu Uaminiwe, Kitendo Kisubiri

  Nazungumza nanyi redioni, mlio hapa Bomani, Tarime, mlio Sirari mpakani, Nyamwaga na Nyamongo, na ninyi wa ng'ambo ya Mto Mara, Mugumu na Natta. Jambo la leo nimelibeba moyoni kwa muda mrefu. Naomba tusikilizane mpaka mwisho, hasa wewe mzazi.

Hapa kwetu mtu akiwaka upesi tunasema ndivyo alivyozaliwa. Ukifika Dar es Salaam ukataja kwamba unaitwa Chacha au Marwa, watu wanakuuliza panga umeliacha wapi. Tulipigana koo kwa koo, tukaibiana ng'ombe, nyumba zikachomwa, mpaka Tarime na Rorya zikafanywa kanda maalumu ya kipolisi. Sifa ya ukali ikatukaa, na wengine wetu tumeipokea kama vazi la heshima. Lakini sifa hiyo ina watu inaowaangamiza. Kijana anayeumwa hisia hapa Tarime akipasuka, sote tunauona ukali wake. Ugonjwa hatuuoni. Anapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, anapelekwa polisi, anaitwa mbele ya wazee. Hospitali ndiyo ya mwisho kukumbukwa, kama inakumbukwa.

Wapo watu miongoni mwetu ambao hisia zao hupanda haraka kuliko za wengine, hupanda juu zaidi, na zikishapanda huchelewa kushuka. Kwa saa chache mtu huyo anatoka kwenye furaha kubwa anaingia kwenye giza, kisha anarudi. Anaogopa kuachwa kuliko anavyoogopa njaa. Leo rafiki yake ni malaika, kesho ni adui wa kufa. Kuna siku hajui yeye ni nani wala anataka nini, na ndani anajisikia mtupu kabisa. Akiwa katika hali hiyo anatumia pesa ovyo, anakunywa kupita kiasi, anaingia kwenye mapenzi ya hatari, anafoka, anajiumiza mwili, au anatamani kufa. Hospitalini ugonjwa huu unaitwa tatizo la haiba la bodalaini, na madaktari wengi huutaja kwa herufi tatu tu, BPD. Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kuwa unampata mtu mmoja hadi wawili katika kila mia. Chukua watu wanaofurika sokoni hapa mjini siku moja tu, uanze kuhesabu.

Wanawake ndio wanaoonekana zaidi kliniki. Lakini watafiti walipotoka kliniki wakaenda kuwapima watu majumbani, tofauti kati ya wanaume na wanawake ilipungua sana. Kwa maoni yangu, wanaume wetu wenye hali hii tunao, ila tunawakuta kwenye vilabu vya gongo na mahabusu.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe ukifanya kazi. Tumchukue binti wa miaka 24, wa mfano tu, mwenye kibanda cha kuweka na kutoa pesa kule stendi. Ni mchapakazi na wateja wanampenda. Mchumba wake ana kazi ya zamu mgodini Nyamongo. Saa nane mchana anamtumia ujumbe: umeshakula? Tiki mbili zinageuka bluu. Jibu haliji. Kwa mtu mwingine jambo lingeishia hapo, maana mwanamume yuko kazini. Kwa binti huyu kifua kinabana, mikono inakuwa ya baridi, na kichwani inaingia sentensi moja isiyotoka: ameshanichoka. Anaandika, "Najua una mwingine." Anaandika tena, "Usinitafute." Kisha anapiga simu yeye mwenyewe, mara tano mfululizo. Anaifunga namba ya mwanamume, anaifungua. Mteja anayetoa elfu hamsini anahesabiwa elfu arobaini, kelele zinaanza dirishani. Jioni mwanamume anatoka zamu anakuta jumbe zimejaa simu nzima, nusu za matusi, nusu za kuomba msamaha. Anachoka, ananyamaza siku mbili. Kile binti alichokiogopa kimetokea kweli, na sehemu ya kilichokileta ni ile hofu yake mwenyewe. Usiku anajiumiza mwilini ili maumivu ya moyoni yatulie kidogo. Asubuhi anavaa sweta la mikono mirefu, anafungua kibanda, anasalimia wateja.

Mama yake anasema ni utoto. Shangazi anasema ni mapepo. Shemeji anasema apigwe, ataacha. Hakuna hata mmoja kati yao anayemchukia. Wote wanampenda, na wote wanasukuma mahali palepale penye kidonda.

Aliyetufundisha zaidi juu ya kidonda hicho ni mwanasaikolojia wa Kimarekani, Marsha Linehan, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Yeye alifananisha wagonjwa hawa na mtu aliyeungua moto karibu mwili mzima: hana ngozi ya hisia, ukimgusa kidogo tu anapata maumivu makali. Watu walidhani anazungumza kama mtaalamu aliyesoma vitabu. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alisimama hadharani akaeleza kwamba mwaka 1961, akiwa msichana wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Hartford, Connecticut, akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa akijikata na kujichoma. Alifungiwa peke yake chumbani, akapigwa shoti za umeme, akapewa jina la ugonjwa ambao hakuwa nao. Alimwahidi Mungu kwamba akitoka katika moto ule atarudi kuwatoa wengine. Aliitimiza ahadi hiyo: mwaka 1991 alichapisha jaribio la kwanza la tiba yake, na wanawake walioipata walijiumiza mara chache zaidi na kulazwa siku chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 1993 akatoa kitabu cha kuwafundisha watibabu wengine. Tiba hiyo sasa inatumika katika nchi nyingi.

Nimeisoma tiba ya mama huyu kwa makini, na kiini chake naweza kukisema kwa maneno ya nyumbani: uchungu uaminiwe, kitendo kisubiri. Uchungu wa yule binti wa stendi ni wa kweli kabisa, haigizi, hadeki, hatafuti macho ya watu. Lakini uchungu kuwa wa kweli hakufanyi matusi kuwa halali, wala hakuthibitishi kwamba mchumba ana mwingine. Haya mawili lazima yashikwe kwa pamoja. Ukishika la kwanza peke yake unamdekeza mgonjwa mpaka anazama. Ukishika la pili peke yake unamwambia kwamba anachokisikia ni uongo, na hapo ndipo anapopiga kelele zaidi ili aaminiwe.

Kwanza, kuchelewesha kitendo. Wimbi la hisia likiwa juu, akili ya kupima mambo huwa imezimwa, kwa hiyo usianze na mawazo, anza na mwili. Chukua beseni la maji ya baridi, na Tarime yetu hii ya milimani haina shida ya maji baridi asubuhi wala jioni. Inama, vuta pumzi, ushike, zamisha uso mpaka maji yafunike macho na mashavu, ukae hivyo nusu dakika au kadri pumzi inavyokuruhusu. Mwili wa binadamu una desturi ya kupunguza mapigo ya moyo uso unapozama katika maji baridi, na moyo ukipunguza kasi, hofu nayo inapungua. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu hili bila kumwuliza daktari. Asiye na beseni na atembee haraka kupanda kilima mpaka jasho limtoke, au ashike jembe. Kisha apumue polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa dakika kadhaa. Haya hayamalizi tatizo. Yanakuvusha tu salama katika ile nusu saa ambayo watu huharibu ndoa, kazi na uhai wao.

Ukishavuka, ndipo maswali. Nimeona nini kwa macho yangu, na nini nimekiongeza mwenyewe? Binti ameona tiki mbili za bluu, basi. Kuchokwa ameongeza. Mwingine ameongeza. Maelezo mengine yapo: simu iko kwa mwenzake, msimamizi yuko karibu, chaji imeisha. Andika ujumbe unaotaka kuutuma, uandike wote na ukali wake wote, lakini uandike kwenye daftari, si kwenye simu. Usome kesho. Na pale unapogundua kwamba hisia haiendani na ukweli uliopo, fanya kinyume cha inavyokuamuru. Hofu inasema mpigie mara kumi, wewe weka simu kwenye droo uendelee na wateja. Hasira inasema mfokee, wewe punguza sauti, kaa chini, legeza mikono. Aibu inasema jifungie ndani, wewe nenda kwa jirani mkamenye ndizi pamoja. Mwanzoni unajisikia kama unadanganya, lakini ukirudia na kurudia, mwili unajifunza.

Nimetaja kumenya ndizi kwa makusudi. Linehan aliwafundisha wagonjwa wake kurudisha fikra kwenye kile wanachokifanya sasa hivi: utelezi wa utomvu vidoleni, sauti ya kisu, ubaridi wa maji kwenye sufuria. Mawazo yakikimbilia jana au kesho, unayarudisha kwenye ndizi bila kujilaumu. Alijifunza jambo hili kwa walimu wa Zen, mapokeo ya Kibudha, naye mwenyewe alikuwa Mkatoliki aliyesali kwa bidii. Nasema hili kwa sababu najua wapo wachungaji na makatekista wanaonisikiliza. Sala haigombani na tiba hii hata kidogo. Mwombee mgonjwa, kisha umsindikize hospitali.

Na yapo mambo madogo yasiyo na utaalamu. Mtu asiyelala, asiyekula, mwenye malaria isiyotibiwa au mwenye pombe kichwani, hisia zake zinawaka kwa kijiti kimoja. Hakuna kidonge kilichotengenezwa mahsusi kwa ugonjwa huu. Dawa anazoandika daktari husaidia sonona, wasiwasi au usingizi unaoambatana nao. Ukipewa, tumia kama ulivyoelekezwa, lakini usidhani kidonge peke yake kitakufundisha kuishi na watu.

Sasa nageuka kwako wewe wa nyumbani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo sisi watu wa Mara tunapokosea zaidi. Sisi ni watu wa nasaha. Mtoto akilia tunakimbilia kumwambia asilie. "Acha ujinga, wenzako wana shida kubwa." "Mwanamume halii, mura." "Ukiendelea hivi nani atakuoa?" Kila sentensi kati ya hizo, kwa mtu mwenye ugonjwa huu, inamaanisha: unachokisikia si kweli, na wewe ni mzigo. Jaribu kubadilisha mpangilio. Anza na kuona: "Naona limekuuma sana." Nyamaza. Mwache aseme. Kisha: "Nipo hapa, siondoki." Nyamaza tena. Nasaha zisubiri mpaka pumzi yake itulie, hata kama ni kesho yake. Kusema limekuuma si kusema umefanya vizuri. Baba anaweza kusema, "Mwanangu, naamini ulivyoumia, na vyombo ulivyovunja utavilipa." Sentensi hiyo moja ina upendo na mpaka ndani yake, na mgonjwa anahitaji vyote viwili. Msiahidi msichoweza. Ukisema utampigia saa mbili usiku, piga saa mbili, maana kwake saa mbili na nusu ni kuachwa. Na ninyi mnaouguza, pokezaneni. Mama mmoja hawezi kuubeba ugonjwa huu peke yake mwaka mzima asidhoofike.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Sehemu mtu anazaliwa nayo, kwani hurithiwa katika familia. Sehemu nyingine inatokana na malezi na majeraha. Si kila aliyeumizwa utotoni anaugua, na si kila mgonjwa aliumizwa. Lakini wengi wao waliumizwa, na hapa kwetu hatuwezi kulipita hilo kimya. Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, wasichana wa Tarime na Serengeti bado wanakimbia usiku kuokoa miili yao na ukeketaji, wakati sheria iliupiga marufuku kwa walio chini ya miaka 18 tangu 1998. Wengine hufika Masanga kwenye kituo cha kuwahifadhi. Wengine hufika Mugumu kwenye nyumba salama aliyoianzisha mama Rhobi Samwelly mwaka 2014, mwanamke aliyekeketwa mwenyewe akiwa mtoto. Nawaheshimu sana watu hawa. Lakini fikiria msichana wa miaka 13 aliyewakimbia wazazi wake, ambaye mikono iliyomlea ndiyo iliyotaka kumshika akatwe. Mwili umeokoka. Woga wa kuachwa na kusalitiwa unabaki ndani, na utatoka miaka kumi baadaye katika ndoa yake, katika kazi yake, kwa watoto wake. Fedha za kumwokoa zinahitaji kufuatwa na fedha za kumtibu moyo, na hilo nawaambia madiwani wa halmashauri zetu bila kuficha.

Kuna jambo la sheria pia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Familia inajua hivyo. Matokeo yake, mtoto akijidhuru usiku, kikao cha kwanza ni juu ya polisi, na saa za kumwokoa zinapita. Wenzetu wa ng'ambo ya Sirari wameshachukua hatua: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria yao kinakwenda kinyume na Katiba. Nami nasema wazi kwamba wabunge wetu wa Mara walipeleke jambo hili Dodoma. Mgonjwa hatibiwi kwa pingu.

Mnaweza kuniuliza, je, watu hawa hupona? Katika Hospitali ya McLean, karibu na Boston, Mary Zanarini na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa kwa ugonjwa huu, yaani waliokuwa na hali mbaya kweli. Katika miaka 10, 93 kati ya kila 100 walipata kipindi cha miaka miwili au zaidi ambamo dalili zilipungua mpaka hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Nusu ya wagonjwa wote walifika mbali zaidi: walikuwa na kazi au masomo ya muda wote, na walikuwa na watu wa karibu wanaopendana nao. Nusu si wote, na safari ni ndefu. Lakini yeyote anayemwambia mtoto wake kwamba ataishi hivyo mpaka kufa, anamwambia jambo lisilo kweli.

Najua mtasema Boston si Bomani. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno, na mtibabu aliyefunzwa tiba ya Linehan ni nadra zaidi. Ndiyo maana napenda kilichofanyika Zimbabwe. Kuanzia mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani mjini Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye huzuni na mawazo mengi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kazi ile ni ya sonona na wasiwasi, si ya ugonjwa ninaouzungumzia leo, na bibi hachukui nafasi ya daktari. Ila imethibitisha kwamba mtu wa kawaida akifunzwa vizuri anaweza kusikiliza kwa namna inayotibu. Tarime ina bibi wangapi wenye busara, ambao hakuna aliyewahi kuwapa mafunzo hata ya wiki moja?

Wakati tunasubiri hayo, wewe mwenye mgonjwa nyumbani fanya haya. Sumu za shambani na za kuogeshea mifugo zifungie kwa kufuli leo hii, ufunguo ukae kwa mtu mzima mmoja. Sri Lanka ilipoanza kupiga marufuku sumu kali za mashambani, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua sana, kwa sababu tamaa ya kufa mara nyingi hupita, mradi mtu asipate cha kumwua katika saa hiyo. Mtu akikuambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake usiku huo. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na kama hali inazidi uwezo wao, waombe rufaa kwenda hospitali ya mkoa Musoma au Bugando, Mwanza. Namba ya Wizara ya Afya ni 199, haikatwi salio. Mtoto anayefanyiwa ukatili apige 116, nayo ni bure.

Na wewe unayenisikiliza peke yako chumbani, ambaye katika haya yote umejiona mwenyewe: usijipime kwa redio, kwa sababu sonona, kifafa na magonjwa mengine yanaweza kufanana na haya. Kesho asubuhi nenda hospitali ya wilaya, uliza mhudumu wa afya ya akili. Ukiambiwa hayupo, uliza anakuwepo siku gani, na urudi siku hiyo.